Alichokibeba Adelina

Kwanza ilikuwa chai. Hoza Shekimweri, mwanamume ambaye tangu amwoe Mwantumu hakuwahi kunywa chai isiyojaa sukari, asubuhi moja aliusogeza mkebe wa sukari pembeni, akainywa hivyo hivyo ilivyo. Mwantumu alimtazama. Alijua ni nani anayekunywa chai ya namna ile, na roho ikamuuma pale pale, kabla hata ya kumaliza andazi lake.

Mwenye chai hiyo alikuwa Adelina Mkufya, mgonjwa wa Hoza.

Wote walikuwa watu wa Kituo cha Mlimani, juu kabisa ya Lushoto, kule kunakolimwa mapeasi na ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Kituo kiliwatibu watu waliomwagika, yaani wasioweza tena kutenga yao na ya wenzao. Enzi hizo karibu kila mtu alivaa kipuli cha hisia sikioni. Ukimpigia mama yako aliye mbali, furaha yako anaisikia kifuani mwake, wala hamhitaji maneno mengi. Biashara zikaota humo humo. Adelina aliajiriwa na kampuni moja ya mjini kupokea majonzi: waliofiwa wanamtumia uchungu wao, yeye anaubeba, wao wanapata kulala. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka, tena kwa sifa, hadi siku mtoto wa jirani alipochapwa kofi, naye Adelina, aliye upande wa pili wa ukuta, akashika shavu lake na kulia. Wiki iliyofuata aliulizwa mikono iliyo juu ya meza ni ya nani, akashindwa kujibu. Ndugu zake wakamleta mlimani.

Wataalamu wa zamani wa nafsi, wale waliokuwa wakimlaza mgonjwa kwenye kochi wakamwacha aseme, walishaeleza kwamba mtu ana mpaka. Kwa nje, mpaka humtenga na wenzake, akajua hili langu na lile la fulani. Kwa ndani, humtenga na yake mwenyewe aliyoyazika, yasiwe yanafufuka kila siku kumsumbua. Hauonekani wala haushikiki, ila mtu anauhisi, na ukichakaa anachanganyikiwa kama Adelina alivyochanganyikiwa. Kilichoongezwa na zama za Mwantumu ni namna ya kuuazima.

Waliiita kuegemea. Mgonjwa na mtu mwenye nafsi imara, ambaye kituoni aliitwa nguzo, walikalishwa kwenye viti vilivyopeana mgongo, wakavishwa kofia za nyaya, kisha mpaka wa nguzo ukanyooshwa uwazunguke wawili hao, ule wa mgonjwa upate kuota upya ndani yake. Hoza alikuwa nguzo kuliko nguzo zote za pale. Mtu mpole, anayejijua, asiyebabaishwa na lolote. Kwa desturi ya kituo mgonjwa humwita nguzo wake kaka, na mke wa nguzo anakuwa wifi, ili watu wasije wakafikiriana mengine. Desturi nzuri. Ila Mwantumu, kila alipoitwa wifi na yule mwanamke mwenye shingo ndefu na sauti ya taratibu, aliitika kwa shingo upande.

Baada ya chai ikaja kukohoa. Hoza alianza kukohoa kikohozi kidogo cha kike kabla ya kusema. Akaanza kukunja kanga za mkewe kwa namna ambayo haikuwa ya nyumba ile. Mwantumu alikuwa mchambuzi, kazi yake ni mambo hayo hayo, na alijua vyema kwamba vitu vidogo huhama watu wakiegemeana na kwamba vikichambuliwa vizuri hurudi kwao. Kujua hakukumsaidia kitu. Mtu anaweza kujua sababu ya jino kuuma na likaendelea kuuma.

*

Kuchambua kulikuwa hivi. Kila baada ya kuegemea, nguzo hukaa mbele ya mchambuzi, na katikati yao pana bamba jeusi la ukubwa wa ungo, wenyewe waliliita sinia. Yaliyochanganyika yanapandishwa juu yake moja moja, na mchambuzi anapitisha viganja. Hofu inakwaruza. Huzuni ni baridi, tena nzito. Hasira inachoma mara moja kisha inapoa. Mchambuzi anauliza, "Cha nani?" na nguzo anajibu papo hapo bila kufikiri, kwa sababu mashine haimjui mwenyewe, anayejua ni mwili. Akisema changu, kinasukumwa kulia kinabaki naye. Akisema si changu, kinasukumwa kushoto kinarudi kwa mgonjwa. Mchambuzi habishi. Na hamchambui mtu wa nyumbani kwake, hilo walifundishwa siku ya kwanza.

Lakini mchambuzi wa Hoza alikuwa amekwenda kujifungua, na wengine walielemewa. Dokta Kaniki, mama mtu mzima aliyekiongoza kituo, alimwita Mwantumu ofisini.

"Utaweza, mwanangu? Sema kweli. Ukiona huwezi nitawasimamisha, wangoje."

"Naweza, mama. Kazi ni kazi."

Alikuwa anasema uongo. Alilitamani sinia lile kama mtu anavyotamani simu ya mumewe iliyoachwa mezani. Alitaka kujua Hoza ana nini ndani kuhusu yule mwanamke, basi.

Asubuhi hiyo Hoza alikaa mbele yake amechoka, macho mekundu. Walianza na vidogo. Kikohozi, si changu, kushoto. Chai, si changu, kushoto. Kukunja kanga, kushoto. Ukapanda uchungu wa msiba wa mtu wasiyemjua, nao ukaenda kushoto. Mwantumu akaanza kupumua. Kisha kikapanda kitu ambacho hakuwa amekigusa siku nyingi.

Kilikuwa cha moto. Kilitetemeka chini ya viganja vyake, kikamvuta mikono. Ilikuwa hamu ya mwanamume kwa mwanamke, haina shaka, mbichi kabisa, ya mtu aliyeanza kupenda juzi na anayeogopa asubuhi ikifika atakuta ameachwa. Mwantumu alikuwa ameolewa miaka mingi. Alikuwa anayajua mapenzi ya nyumbani kwake, yenye kusahau kufunga dirisha na kugombania blanketi. Haya hayakuwa hayo.

"Cha nani?" aliuliza.

"Changu," alisema Hoza.

Alilisema polepole, tena akamtazama usoni, akatabasamu kidogo kwa aibu. Mwantumu aliliona tabasamu lile akaona amedhihakiwa. Wivu ukampanda. Hapo alipokaa, mkono juu ya sinia, alimwona Adelina na shingo yake, akawaona wawili hao wakipeana mgongo kila asubuhi bila nguo yoyote ya nafsi, na yeye yuko chumba cha pili anaandaa viti. Akasema moyoni, kama ni hivyo, mwenyewe aje akichukue. Akakisukuma kushoto.

Hoza alishtuka kidogo, akapeleka mkono kifuani kama mtu anayetafuta miwani yake. "Umesema nini?" aliuliza.

"Sijasema kitu. Tuendelee."

Wakaendelea hadi mwisho.

*

Sukari ilirudi. Jioni ile ile Hoza alikoroga chai yake mpaka ikawa uji, na Mwantumu akafurahi, akajiona ameiokoa nyumba. Furaha hiyo haikufika mbali. Siku zilizofuata Hoza alikuwa mtu mwema mno. Akila, anasema asante kwa chakula, umetaabika. Wakikutana mlangoni, anampisha. Dirisha walilogombania tangu harusi sasa alilifungua kama Mwantumu alivyotaka, bila kunung'unika, akauliza kama upepo unatosha. Alimkumbuka kwa kila kitu, dawa yake ya kifua, viatu vyake vya mvua. Alilala chali upande wake wa kitanda, mikono juu ya tumbo.

Mwantumu akajua, au akadhani anajua. Anamlilia, alisema moyoni. Nimemnyang'anya mpenzi wake na sasa anaugua kimya kimya, na adabu zote hizi ni za mtu ambaye mwili wake uko hapa na roho iko wodini. Akazidi kumchukia Adelina. Alimchukia hata kwa kupona kwake, maana mwanamke alipona kwa kasi iliyowashangaza wote. Alianza kusema mimi bila kusitasita. Akajua mikono yake. Mpaka wake ukaota mzito kuliko walivyotarajia, na mwezi haujaisha akaruhusiwa.

Anayeruhusiwa huja nyumbani kwa nguzo wake kuaga. Adelina alikuja Jumamosi mchana na kikapu cha mapeasi, amevaa gauni la kijani, nywele amesuka. Mwantumu alimkaribisha huku akijisemea kwamba leo ndiyo leo, leo atawanasa kwa macho yake. Akakaa mahali pa kuwaona wote wawili.

Hakuna alichokinasa. Hoza na Adelina walizungumza kama watu waliowahi kusafiri basi moja. Habari za mvua, habari za nyumbani, ndugu zake wanakuja kumchukua lini. Hoza hakuwa hata anamtazama sana. Ila kila Mwantumu alipoinuka, Adelina aligeuza kichwa. Alipokwenda jikoni, macho yalimfuata jikoni. Alipoinama kupuliza jiko, Adelina akasimama.

"Wifi, usiiname hivyo. Mgongo utakurudia kama mwaka ule wa matuta ya viazi."

Mwantumu akaacha kupuliza. "Nani kakwambia habari za viazi?"

"Hakuna aliyeniambia." Adelina alikuwa ameshika kiti, uso umemwiva. "Mvua ilikuwa imenyesha. Uliteleza na kapu lote, viazi vikaporomoka mpaka chini mtoni. Ukainuka unacheka, una tope mpaka kwenye meno. Nilikuwa tuta la juu. Niliogopa utaondoka kabla sijakuuliza jina."

"Wewe hukuwepo."

"Najua, wifi. Mimi ni mtu wa Dar, hata jembe sijawahi kushika. Lakini bado naogopa utaondoka. Ninapokuona ninaogopa, na ninafurahi, sijui nifanye nini na mikono yangu. Nilidhani kwa kupona nitaacha."

Siku ile ya tope ilikuwa ya kwanza Hoza kumwona Mwantumu. Yeye Hoza aliwahi kusema tu kwamba alimwona shambani. Hofu hiyo hakuwahi kuitaja, kwani ni mwanamume gani wa kule milimani angeitaja. Mwantumu alimgeukia mumewe.

"Hoza. Unaikumbuka siku ile ya matuta?"

"Naikumbuka," alisema Hoza, akichagua peasi. "Ulichafuka sana."

*

Jumatatu Mwantumu alimfuata Dokta Kaniki kabla ya kazi, akasema yote akiwa amesimama, maana alialikwa kukaa akakataa. Yule mama alimsikiliza bila kumkatiza.

"Alipoulizwa, alijibu nini?"

"Alisema changu."

"Na wewe ukasukuma kushoto."

"Nilijua ni cha Adelina, mama. Yaani, nilijua anampenda Adelina. Kilikuwa kibichi. Mimi na Hoza hatuna kibichi."

Dokta Kaniki alivua miwani. "Ukinyoosha mpaka wa nje wa mtu, wa ndani unakuwa mwembamba. Aliyoyazika yanapanda, na yanapanda na moto wake wa siku ya kwanza. Hilo nani huwafundisha wanafunzi wangu kila mwaka?"

"Mimi."

"Basi ndicho kilichotokea. Mumeo alikuwa anakupenda upya, tena hadharani, mbele ya mashine. Ukamfukuza."

Mwantumu hapo ndipo alipokaa. Alilia hadi kamasi zikamtoka, na yule mama akampa kitambaa asimwambie pole.

"Kinarudishika?" aliuliza alipoweza.

"Kutoa kinatoleka. Nimeitazama picha ya mpaka wa Adelina jana. Umeota ukikizunguka hicho hicho. Alikuja hapa hana lake hata moja, kila alichohisi kilikuwa cha wafiwa. Hiki kilimwingia kikiwa na nguvu, kina mtu mmoja kinayemtaka, akakishikilia. Tukikitoa, huenda akasimama. Huenda akamwagika, na safari hii sioni nguzo wa kumwinua. Mimi ningekuwa yeye, nisingekubali. Lakini sharti liko wazi. Aliyekosea ndiye anayeomba, na aliye nacho ndiye anayeridhia. Kama wote wawili mnataka, siwezi kuwazuia."

Alipotoka nje Mwantumu alimkuta Adelina barazani na begi lake, anangoja ndugu zake. Akamweleza. Hakuficha hata kipande. Adelina alisikiliza amekaza mikono mapajani.

"Basi kichukueni," alisema. "Si changu."

"Umesikia nilichosema? Unaweza kumwagika."

"Nimesikia, wifi. Ila wewe unakitaka, na mimi nikikuona unalia siwezi kukukatalia kitu." Akacheka kidogo, machozi yanamlenga. "Si unaona. Hata kukubali kwenyewe ni kaka, si mimi."

*

Walikwenda nyumbani, watu watatu, wakakaa mezani mchana kweupe. Hoza aliambiwa na mkewe mwenyewe. Alifikiri kwa muda, maana alikuwa mtu wa kufikiri, kisha akamshika Mwantumu bega kwa upole, kama anavyoshikwa mfiwa.

"Usijitese. Kukosea kazini kupo," alisema. "Ila kusema kweli, sioni ninachokikosa. Ninakula, ninalala, wewe nakuheshimu kama zamani. Sitaki dada huyu arudi kule alikokuwa kwa ajili ya kitu ambacho hata sikitafuti. Lakini kosa ni lako na nyumba ni yetu sote. Ukisema nivae kofia, nitavaa."

Mwantumu aliwatazama. Mmoja angekubali kwa sababu anampenda, mwingine angekubali kwa sababu ni muungwana. Lingebaki neno lake tu. Na alilitaka, tusimsingizie utakatifu. Alimtazama yule mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha jikoni kwake na mali yake kifuani, na alitamani kumfungua kama begi. Alifikiria wodi, wale waliomwagika wanaokaa macho wazi wakilia kila mlango unapogongwa mtaani. Alifikiria pia kwamba Adelina angekwenda huko akiwa bado na haya usoni ya mtu aliyependa. Akafikiria asubuhi ya baadaye, Hoza akimshika mkono kwa moto ule wa zamani, na yeye akijua moto huo umetolewa wapi. Alikaa hivyo hadi ukungu ukaingia, Hoza akainuka kufunga dirisha, kisha akakumbuka mkewe hulipenda wazi, akaliacha.

"Siombi," alisema Mwantumu. "Baki nacho."

Adelina alifunika uso. Hoza akasema, "Umefanya jambo la kiutu," na alimaanisha.

"Nyamaza kwanza, Hoza." Mwantumu alivuta kiti, akakaa mbele ya Adelina, magoti yakakaribia kugusana. "Ndugu zako wakija utakwenda zako, na sitaki urudi huku tena. Sitaweza kukuona. Nisingekuwa mtu mwenye wivu hivi ningekwambia uje kila sikukuu, lakini ndivyo nilivyo, nimeshajijua. Ila kabla hujaondoka, nieleze."

"Nikueleze nini, wifi?"

"Jinsi ninavyopendwa."

Adelina alimtazama Hoza kuomba ruhusa, na Hoza akatikisa kichwa kukubali, hana hili wala lile. Basi akaanza. Alisema habari za nywele za Mwantumu zikilowa. Alisema jinsi anavyoimba nusu ya wimbo akasahau nusu nyingine, na jinsi mtu anayesikiliza jikoni hujizuia asimalizie, ili aanze upya. Alisema jinsi, akichelewa kurudi kutoka kituoni, mtu husimama kwenye uzio akijifanya anakagua mapeasi. Alisema kwamba dirisha halikuwa na maana yoyote, waligombania dirisha kwa sababu akikasirika huwa anasogea karibu.

Hoza alisikiliza kwa heshima, mikono mezani, kama mtu anayesimuliwa habari njema za jirani.

"Kumbe nilikuwa hivyo," alisema.

Mwantumu hakumgeukia. Wivu aliokuwa nao kwa Adelina ulikuwa umemwacha, umekwenda kwa mwanamke mwingine, yule wa kwenye simulizi, anayeinuka kwenye tope akicheka wala hajui kwamba kuna mtu tuta la juu anaogopa ataondoka. Nje gari la ndugu zake Adelina lilipiga honi, Adelina akashika begi lake, akasita.

"Nimalizie, wifi, au inatosha?"

"Malizia," alisema Mwantumu. "Watangoja."